Deraya Mbele ya Mama Mkwe

Nilikabidhi funguo za lori mwezi uliopita, na vijana wa yadi wakaniomba niandike machache kabla sijayasahau. Nawashukuru kwa heshima hiyo, ingawa nashuku walitaka tu nipate shughuli ya kunizuia kufika yadini kila asubuhi kukagua matairi yao. Namshukuru Mungu pia, ambaye miaka yote hiyo alinirudisha nyumbani Mwala nikiwa na viungo vyangu vyote, isipokuwa ncha ya kidole kimoja iliyobaki Mariakani ndani ya mnyororo. Kuhusu vyeo sina la kusimulia. Niliajiriwa dereva, nikastaafu dereva.

Kazi yetu ilikuwa kuvuta mizigo mipana kutoka bandari ya Mombasa kuja bara: transfoma za umeme, mitambo ya viwanda, matingatinga. Lakini watu wa huku Machakos wakinitaja hawataji transfoma. Wanataja magari ya jeshi. Katika miaka ya tisini na iliyofuata, magari ya deraya yaliposhushwa melini, mara nyingi tulioitwa kuyachukua ni sisi, kwa sababu tulikuwa na lobedi. Lobedi, kwa asiyeijua, ni trela refu lililolala chini karibu kugusa lami, lenye magurudumu mengi kiasi kwamba watoto wa barabarani hushindana kuyahesabu na hawakubaliani. Gari la deraya lilikaa juu yake likitokeza kila upande kiasi cha kiganja au viwili, limefunikwa turubai ili watu wasijue ni nini. Sijaona mtu hata mmoja kati ya Mombasa na Konza aliyedanganywa na turubai hilo.

Utauliza kwa nini gari lenye injini na magurudumu yake lisijiendeshe lenyewe. Mimi pia niliuliza siku yangu ya kwanza. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Mwadime, Mtaita mfupi aliyevaa kofia ya sufu hata kwenye joto la bandarini. Alinijibu bila kugeuka, "Na wewe una miguu. Mbona jana hukuja Mombasa ukitembea?"

Sikupewa usukani siku ile wala mwezi ule. Nilipewa minyororo. Gari la deraya hufungwa pembe zote kwa minyororo minene, na Mzee Mwadime alinifundisha kuipiga kwa spana na kusikiliza. Mnyororo uliokaza hulia kama kengele. Uliolegea hutoa sauti ya sufuria kuukuu. Asubuhi bandarini yote ililia kengele; tukifika Mazeras, baada ya vile vilima, mmoja au miwili ilikuwa imeshakuwa sufuria, nasi tuliegesha na kukaza upya. Ninyi vijana mna vifaa vya kisasa vya kukazia. Pigeni spana hata hivyo. Haigharimu kitu, na watu wakiwaona watadhani mnajua kazi.

Kifaa cha pili kilikuwa ufito wa mwanzi, uliozidi kimo cha mzigo kwa shubiri moja. Ufito huo ulifungwa wima kwenye pikapu iliyotangulia mbele yetu na bendera nyekundu. Ukigusa waya wa umeme au tumbo la daraja, msafara wote ulisimama. Pikapu iliendeshwa na Bakari, mtu wa Mombasa mjini hasa, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kitamu hata akikutukana. Tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Yeye alisali sala zake tano, mimi nilisali zangu, na tulikubaliana kwamba mwenye kuendesha nyuma ya malori ya Mtito Andei anahitaji zote.

Lakini vifaa hivyo mtu hujifunza kwa wiki moja. Mambo mawili ya Mzee Mwadime yalinichukua miaka. La kwanza: penye udongo, dereva hutembea kwanza kwa miguu yake mwenyewe pale yatakapopita magurudumu. Hatumi mtu. Anatembea, anakanyaga kwa kisigino, anarudi, ndipo anapanda. La pili: mzigo ukiwa juu ya lobedi, neno la mwisho ni la dereva. "Hata jenerali akikuambia twende," alisema, "jenerali hajui mgongo wa gari lako. Mwambie ndiyo afande, halafu usiende."

Sheria haikuruhusu mzigo mpana kutembea gizani, kwa hiyo tulikwenda mchana na kuegesha jua likianza kushuka: Voi, Mtito, Emali, Konza. Jumapili niliomba nisiendeshe, na kampuni ilinikubalia baada ya kugundua kwamba siku hiyo askari wa kusindikiza pia walipenda kulala. Popote Jumapili iliponikuta nilitafuta kanisa. Mara moja pale Mtito mhubiri alichungulia dirishani, akaona kile kitu chini ya turubai, akaacha somo lake na kuongoza maombi marefu ya amani. Mwishoni alinisalimia mlangoni kwa mikono miwili, kama mtu anayemuaga anayekwenda kufa.

Pale Emali palikuwa na mama aliyeuza nyanya. Kila tulipopita aliniuliza, "Baba, imeanza?"

"Hakuna vita, mama."

"Basi mnapeleka wapi hizi?"

"Kambini."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

Alinitazama kwa huruma na kuniongezea nyanya mbili.

Sasa nifike kwenye siku ambayo vijana waliitaka hasa, wakidhani ni hadithi ya kuchekesha. Inachekesha. Lakini mimi naiandika kwa sababu siku hiyo nilikosea, nikiwa dereva mzoefu, nikijua ninachokosea, na karibu niwanyime maji watu wa kijiji kizima.

Ilikuwa baada ya zile mvua kubwa za mwisho wa miaka ya tisini. Tulikuwa na deraya moja iliyobaki bandarini baada ya nyingine kupelekwa, na ilitakiwa kambi moja ya mazoezi upande wa kaskazini. Njia ya kawaida ilikuwa imeharibika, kwa hiyo tulipewa kibali cha kupita Machakos mjini, kushuka Masii na Mwala, kisha kukata kwa barabara ya murram, isiyo na lami, kuelekea Ekalakala. Tulikuwa magari matatu: pikapu ya Bakari, lobedi yangu, na gari la jeshi lililobeba askari sita na Luteni wao, kijana mpole aliyenyoosha shati lake kila aliposhuka. Alikuwa ameahidi wakubwa wake kwamba mzigo ungefika siku hiyo hiyo.

Sikumwambia mtu kwamba barabara ile ingepita karibu na kwao mke wangu, Ndunge. Sikuona sababu. Njia ni pana, nami nilikuwa juu ya gari.

Hapa lazima nieleze jambo kwa wasio Wakamba. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatajani majina. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani mpaka mwenzake apite. Haya hiyo tunaiita nthoni. Ni heshima, ingawa mgeni akiiona hudhani watu wamegombana. Vijana wa leo huwakumbatia mama wakwe zao mbele ya kanisa, na mimi kama mzee wa kanisa nimewaombea baraka huku nikiangalia pembeni. Najua vizuri kwamba wokovu hauhitaji nthoni. Miguu yangu haijapata habari hiyo. Wakati huo nilikuwa nimeoa miaka kumi na mitano, na mama mkwe wangu nilimjua kwa mgongo wake, kwa leso zake, na kwa sauti yake kutoka jikoni. Jina lake siliandiki hata leo.

Saa nne asubuhi tulifika kwenye mto mmoja wa msimu, mtupu, mchanga mweupe kutoka ukingo hadi ukingo. Saruji ya kuvukia ilikuwa imechukuliwa na mvua. Juu kidogo ya hapo ulisimama ukuta wa mawe na saruji uliokatiza mto mzima. Kwa asiyejua, ukuta kama huo huzuia mchanga, na mchanga huzuia maji. Jua likiwaka miezi mitano, kina mama huchimba kidogo nyuma ya ukuta na kuchota. Ule ulikuwa umejengwa na wanawake wa mwethya, yaani kikundi cha kusaidiana kazi, misimu mitatu ya kubeba mawe kichwani. Mchanga ulikuwa umejaa nyuma yake hadi ukingoni, sawa kama meza, na magari madogo na mikokoteni ya punda ilikuwa ikivukia papo hapo juu yake.

Siku hiyo ilikuwa siku ya mwethya. Wanawake wapatao thelathini walikuwa ukingoni na majembe. Walipoona deraya waliacha kazi na kusimama katikati ya njia.

Luteni alishuka, akanyoosha shati. Mama mmoja aliyejifunga leso ya kijani alisonga mbele, na kabla hajafungua kinywa nilikuwa nimeshamjua kwa mabega yake. Nilitelemka kwenye kiti mpaka macho yangu yakawa sawa na usukani.

"Hapa hamwezi pita," alimwambia Luteni. "Hii mchanga iko na maji chini. Hiyo kitu yenu itazama, isukume ukuta, na sisi tubaki bila maji."

"Mama, magari yanapita. Naona alama za magurudumu."

"Hizo ni za punda. Hii yenu ni punda ngapi?"

Wanawake walicheka. Luteni pia alicheka kidogo, halafu akakumbuka kazi yake. "Sasa tupite wapi?"

"Hapo chini ya ukuta kuna mwamba mtupu. Mchimbe ukingo, mtengeneze mteremko, mpite juu ya mawe. Sisi tutasaidia. Kufika saa kumi mtakuwa mmeenda."

"Saa kumi natakiwa niwe kambini."

"Basi wacha niongee na dereva. Dereva atajua."

Alikuja moja kwa moja kwenye mlango wangu, akainua uso, nami kwa bahati mbaya nikawa nachungulia kuona kama ameondoka. Tulitazamana. Labda ilikuwa muda wa kupepesa jicho mara moja. Alivuta leso kichwani, akageuka kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma, akaondoka kwa haraka mpaka chini ya mti wa mwisho kule ukingoni. Na wanawake wenzake, walipoona mwenyekiti wao ameondoka katikati ya mabishano aliyokuwa akishinda, walisogea pembeni wakitazamana.

Mnaona jinsi jambo lilivyokuwa. Watu wawili pale mtoni walijua kwamba mzigo ule haufai kupita juu ya mchanga ule, nao ni yeye na mimi. Wote wawili tulinyamaza, kila mmoja akimheshimu mwenzake.

Luteni alikuja. "Mzee, wamekubali. Songesha."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ndiyo afande, nisiende. Hapo ndipo nilipotakiwa kushuka na kutembea. Lakini kutembea juu ya mchanga ule, mbele ya wanawake thelathini na mama mkwe wangu, nikikanyaga kwa kisigino kama kuku, sikuweza. Nilimwita Bakari dirishani.

"Nenda ukaangalie mchanga."

"Mimi? Kuangalia mchanga ni kazi yako, bwana. Shuka."

"Siwezi kushuka."

"Huwezi vipi? Unaumwa?"

"Mama mkwe wangu yuko pale."

Bakari alitazama kule mtini, akanitazama mimi niliyekunjamana chini ya usukani, akatazama deraya nyuma yangu. "Una gari la vita," alisema, "na unajificha."

Akaenda. Mtu wa Mombasa anajua mchanga wa aina moja, ule wa pwani, ambao ukiwa mgumu juu ni mgumu. Aliupiga teke kwa kiatu, akarudi. "Mkavu. Kama sakafu."

Nikasema maombi mafupi, ya aina ile ambayo mtu huomba akitaka Mungu akubaliane naye, nikaingiza gia.

Magurudumu ya mbele yalipita vizuri. Yale mazito ya nyuma ya kichwa cha lori yaliposhuka ukingoni, mchanga ulitikisika kama uji unaoanza kupoa, na maji yakatokeza pande zote, safi kabisa, maji ya kunywa. Kichwa kilizama mpaka ekseli na kuanza kuteleza taratibu upande wa ukuta. Nyuma yangu trela lilikata kona, magurudumu yake ya ndani yakapanda ncha ya ukuta, lile bawa linaloingia ukingoni, na nikasikia mawe yakianguka moja baada ya jingine. Nilizima injini. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo linalonirudia mpaka leo, jinsi wanawake wale walivyonyamaza.

Luteni alikuja mbio dirishani. "Mzee, tuvute mbele?"

"Tukivuta mbele tunauangusha ukuta, afande. Tukikaa hapa pia, itachukua tu muda zaidi." Kwa mara ya kwanza siku ile nilikuwa nimesema kama dereva. "Lazima nirudi nyuma, na sijui pagumu ni wapi."

Aliyejua alikuwa chini ya mti. Mama mkwe ndiye aliyeweka mawe ya kwanza ya bawa lile; alijua mwamba unaanzia wapi chini ya mchanga na unakatika wapi. Bakari alitumwa. Alirudi akitembea polepole kama mtu anayebeba maji kwenye sinia.

"Anasema: ambia yeye asikanyage mafuta. Anasema kwanza wachimbe nyuma ya magurudumu, waweke matawi. Anasema trela liende kushoto, kushoto kuna mwamba." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Nimemwambia, mama, si yuko pale, anakusikia? Akaniambia, ambia yeye."

Wanawake na askari walichimba pamoja kuzunguka magurudumu. Walikata vichaka na kuvitandika. Nilisikia mama mmoja akimwuliza askari, "Wewe serikali inakulisha na jembe hujui kushika?" Askari akajibu kwamba kwao hulima kwa ng'ombe. "Basi ungekuja na ng'ombe," mama akasema. "Angetuvutia hii kitu."

Walipomaliza niliwasha injini. Mama mkwe alisimama mbali, akasema, Bakari akakimbia, akaniambia, nami nikafanya. Lakini magurudumu hayangoji mjumbe. "Anasema kushoto kidogo," Bakari alinifikishia akihema, na wakati huo kushoto kidogo kulikuwa kumeshapita. Trela lilirudi kwenye bawa, mawe mengine matatu yakaanguka, na chini ya ukuta, upande wa pili, mstari mwembamba wa maji ulianza kutoka pale ambapo haukuwepo.

Nilisimamisha. Nikaweka paji la uso kwenye usukani na kuomba, safari hii maombi ya kweli. Sikuomba muujiza. Niliomba tu nisiwe mtu aliyeua mto kwa sababu ya aibu.

Nilipoinua kichwa nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa amekuja mwenyewe. Alisimama kando ya trela, kati ya mlango wangu na magurudumu ya nyuma, uso ukielekea magurudumu, mgongo kwangu. Leso ya kijani alikuwa ameivua kichwani na kuishika kwa mkono mmoja. Aliitikisa kushoto. Nikaenda kushoto. Aliinyoosha chini; nikaacha gari lijisukume lenyewe bila mafuta. Aliiinua juu, nikasimama. Hakugeuka, nami sikutoa kichwa dirishani. Nadhani tulikubaliana, bila kusema, kwamba kioo hakihesabiwi.

Bakari alisimama pembeni bila kazi. "Jamani," alisema, "na mimi je?"

Ilituchukua karibu saa nzima kurudi hatua ishirini. Nimeendesha nikiongozwa na polisi, na mabaharia, na wahandisi wenye redio mkononi. Sijawahi kuongozwa vizuri kama siku ile. Gurudumu la mwisho la nyuma lilipogusa mwamba nililisikia kwenye mgongo wangu kabla leso haijapanda juu. Baada ya hapo lori lilitoka lote, likichuruzika maji, na mchanga ukajifunga polepole nyuma yake. Ukuta ulikuwa umesimama. Bawa lake lilikuwa limebomoka urefu wa hatua kumi hivi, na ule mstari wa maji uliendelea kutoka, mwembamba kama uzi.

Luteni alivua kofia. "Yule mama alijifunza wapi kuongoza magari?"

"Sijui, afande. Sijawahi kuongea naye."

Aliamua kutouliza zaidi. Kisha akavua na lile shati, akachukua jembe. Walichimba mteremko kwenda kwenye mwamba, wote pamoja, na safari hii nilishuka. Wanawake walikuwa wamemzunguka mama mkwe kwa leso zilizotandazwa kama pazia, kwa hiyo nilipita nyuma ya pazia hilo nikatembea juu ya mwamba wote kwa miguu yangu, kwenda na kurudi mara mbili. Saa kumi tulivuka, kama alivyosema. Hatukufika kambini siku hiyo. Tuliegesha Ekalakala kabla ya giza, na Luteni akaenda kutafuta simu ya kuwaeleza wakubwa wake. Alirudi akiwa ametulia. "Nimewaambia dereva alikataa kupita mchangani," alisema. Nilimwambia si kweli. Akasema, "Ungekataa, mzee. Najua." Sikulala vizuri kwa sababu ya wema ule.

Kabla hatujaondoka pale mtoni, Bakari alikuwa ameniletea ujumbe wa mwisho. Alisimama wima kabisa kuusema, maana alikuwa ameanza kuipenda kazi hiyo.

"Anasema: ambia yeye mwethya ni Jumatatu. Saa moja asubuhi."

Nilipofika yadini niliandika ripoti, na humo nikaandika kwamba sikukagua ardhi. Mzee Mwadime alikuwa ameshastaafu kwao Taita, nilimwandikia pia. Alijibu kwa mistari miwili. Aliuliza kama ukuta umesimama, na akaniambia nisitume mtu kuutengeneza.

Nilichukua likizo. Jumatatu saa moja nilikuwa mtoni na mifuko ya saruji kwenye mkokoteni wa punda, mwanaume peke yangu kati ya wanawake thelathini. Ndunge alikuja nami kunionyesha kwa mama yake, yaani alimwambia mama yake kwamba nimekuja, wakati mimi nimesimama pale. Jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo: nianzie upande wa ukingo. Yeye angeanzia upande wa ukuta.

Kwa hiyo tulijenga bawa lile kutoka ncha mbili. Mimi na wanawake kumi tulitoka ukingoni, yeye na kumi wengine walitoka ukutani, wengine walileta mchanga na maji. Siku ya kwanza tulikuwa mbali na kazi ilikwenda kwa furaha; waliimba nyimbo za kanisani nami nikaimba sauti ya chini, ambayo walisema walikuwa hawana. Siku ya pili niliweza kusikia akiwaelekeza wenzake. Siku ya tatu, kufikia saa sita, pengo lililobaki kati yetu lilikuwa dogo kuliko upana wa mlango. Wanawake waliacha kuimba. Mimi nilikuwa nimepiga magoti, uso kwenye mawe, nikiweka jiwe langu kwa uangalifu kupita kiasi, na upande wa pili niliona mikono miwili yenye saruji ikifanya vivyo hivyo. Pengo la mawe matatu. Likabaki la mawili.

Mikono ile ilisimama. Ikapangusana, ikatoka. Nilimsikia akimwambia Ndunge, "Mimi naenda kuangalia sufuria ya muthokoi isiungue." Kisha nyayo zake zikapanda ukingo na kwenda zake.

Mawe yale mawili ya mwisho niliyaweka mimi. Ukipita huko siku moja utayatambua, kwa sababu moja limekaa upande kidogo. Hayajawahi kuvuja.